Mikono Nyuma

Wiki ile nzima sikulala vizuri, na wala si kwa hofu ya mtihani. Ni hasira. Daktari bingwa wa wodi yetu, ambaye alikuwa mmoja wa watahini wangu, alinisimamisha kwenye korido mbele ya wauguzi akaniuliza, "Kumbe siku hizi kuna shahada ya uzamivu ya kufunga vifungo?" Wauguzi wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mtahini akichekesha huna budi kucheka, lakini moyoni nilimtukana tusi ambalo marehemu bibi angenifinya kwa kulitamka.

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo. Mtu akipigwa na kiharusi, daktari huokoa uhai wake. Mimi humrudisha kwenye kijiko, kwenye sabuni, kwenye shati lake mwenyewe. Nimeifanya miaka na miaka, na miaka yote hiyo wakubwa wamepita wodini wakiruhusu wagonjwa waende nyumbani bila kuniuliza kama wanaweza hata kujipeleka msalani. Ndiyo maana nikarudi shule utu uzima huu, mchana kazini, wikiendi darasani, mpaka mume wangu akawa anauliza alioa mke au maktaba. Nilitaka siku moja nikifungua mdomo, wanyamaze wanisikilize.

Utafiti wangu ulihusu jambo moja tu: kungoja. Mgonjwa akihangaika, anayempenda hukimbilia kumsaidia, na msaada huohuo ndio unaomlemaza. Basi nawafundisha jamaa zake waweke mikono nyuma, wamwache. Ni rahisi kusema. Hebu mtazame baba yako akipigana na soksi, uone.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa ya vitendo, na mgonjwa wa kweli, mbele ya jopo. Nikamwomba Dereva. Huyu aliendesha malori mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia. Ni mjane, anaishi kwa mwanawe, na mwanawe hutoka alfajiri kwenda kazini. Kwa hiyo aliyebaki wa kumfunga vifungo ni mkamwana wake.

"Ananifunga huku kaangalia ukutani," aliniambia siku ya kwanza, tukiwa wawili tu. "Na mimi naangalia dari. Mwanangu, nisaidie hilo tu. Kutembea nitatembea hata mwakani."

Siku ya mtihani jopo lilikaa nyuma ya meza ndefu, chini ya feni iliyokuwa ikilalamika. Profesa, mwenyekiti, katikati. Daktari bingwa kulia kwake. Na msimamizi wangu, mama mpole anayemwogopa kila mtu, pembeni karibu yangu. Dereva alikaa mbele yao, shati jeupe wazi kifuani. Nikamwambia aanze akiwa tayari, nikarudi nyuma kidogo, nikaifumbata mikono yangu mgongoni.

Alianza na vya chini, kama tulivyozoea, maana hivyo anaviona vizuri. Mkono wa kushoto ukivuta kitambaa, gumba la kulia likisukuma. Kimoja kikaingia. Baadaye kingine. Jasho likamtoka. Daktari bingwa akachungulia simu yake. Profesa akatazama saa, akakohoa, akatazama saa tena. Kikabaki cha kifuani. Dereva akakikosa, akakikosa tena, akakinong'oneza maneno ambayo nadhani madereva huiambia gia iliyokwama. Lakini ukingo wa kifungo ulikuwa umeshaingia tunduni. Niliuona kwa macho yangu.

Profesa akasimama, akazunguka meza, akainama, akakifunga.

"Basi, mzee wangu, tumeona," akasema kwa upole. "Umejitahidi sana."

Na huyu alikuwa amesoma tasnifu yangu yote! Alikuwa ameijaza kalamu nyekundu pembeni! Dereva akashusha mikono mapajani kama mtu aliyenyang'anywa kitu sokoni mchana kweupe.

Damu ikanipanda kichwani. "Profesa, umefanya nini?"

"Muda, mtahiniwa. Kuna wenzako wanasubiri nje."

"Muda gani? Kahangaika miezi kukifikia hicho kifungo, wewe unamwibia kwa sababu njaa inakuuma?" Msimamizi akanivuta sketi, nikautoa mkono wake. "Huo si msaada, ni dharau! Mmemfanya mtoto mdogo. Hataki huruma yenu, anataka kuvaa mwenyewe!"

"Ulimi wako utakuponza," akasema Daktari bingwa.

"Uniponze! Nyie mnajua nini? Mnajua aibu anayoipata huyu mzee kila asubuhi, mkamwana wake akija—"

"Mwanangu."

Dereva hakupaza sauti. Hata feni ilikuwa na sauti kuliko yeye.

"Hayo ya nyumbani kwangu nilikwambia wewe."

Nikairudisha mikono yangu mgongoni.

"Huyu kanichukulia kifungo," akaendelea, akimwonyesha Profesa kwa kidevu. "Wewe unanichukulia mdomo. Kaeni chini, nyote wawili."

Profesa akarudi kitini kwake. Mimi nikakaa kwenye stuli ya pembeni. Dereva akaanza kukifungua kile kifungo alichokifunga Profesa, na kukifungua kulimtoa jasho upya. Alipokiachia, akapumzika, akaanza kukifunga tena. Hakuna aliyetazama saa. Kikateleza. Kikateleza tena. Kikaingia.

Profesa akasafisha koo. "Mzee, tukuulize wewe. Mtahiniwa huyu anafaa tumpe shahada?"

Nikafungua mdomo nijibu. Dereva akanitazama, nikaufunga.

Akafikiri sana, mkono wake wa kulia ukiwa umelala kifuani.

"Huyu?" akasema. "Atafika. Lakini bado kidogo."

Profesa akaandika. Wakaniambia nirudi muhula ujao. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na katika chumba kile kizima sikumpata hata mmoja wa kumkasirikia.