Chumba Kilichoandikwa Kibovu

Siku ya pili baada ya tetemeko, hoteli iliyokuwa fahari ya mji mzima ilikuwa kifusi. Msimamizi wa usafi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imemvimba, amechoka hata kulia.

Mkuu wa waokoaji alisoma orodha ya meneja. "Upande huu hamna mtu. Vyumba vitupu, na hiki cha ghorofa ya tatu ni kibovu. Leteni tingatinga."

Kibovu! Chumba kile kilikuwa kizima kabisa. Yeye msimamizi ndiye aliyekiandika "bomba limepasuka" miaka minne mfululizo, ili wasafishaji wake wapate pa kunyoosha mgongo kwa zamu. Meneja aliapa kwamba atakayemkuta kwenye kitanda cha mgeni atamwonyesha cha mtema kuni. Rahisi kusema hivyo ukiwa umekalia kiti cha kuzunguka. Juzi saa saba mchana, muda mfupi kabla ya tetemeko, wifi yake, mjamzito wa miezi mitano, alikuwa anayumba na fagio mkononi. Akamwambia, "Nenda kajilaze, wifi. Zamu yako naimaliza mimi."

Kwa siku mbili alijidanganya kwamba wifi alitoka mapema. Akamwacha kaka yake azunguke hospitali zote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tingatinga likanguruma. Akainuka.

"Zima! Kuna mtu humo!"

"Mama, si wewe mwenyewe uliyeandika kibovu?" meneja akashangaa.

"Niliongopa. Wafanyakazi hupumzika humo. Wifi yangu yumo."

Kaka yake alikuwa ndiyo kwanza anarudi, amesimama nyuma ya kamba. Alisikia yote.

"Dada, ulijua?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kaka hakugomba. Aliruka kamba, akaanza kutoa matofali kwa mikono. Dada akapiga magoti kando yake. Kaka hakumfukuza, wala hakumtazama. Walichimba pamoja na waokoaji, kucha zikavunjika, jua likawageukia upande wa pili.

Saa kumi hivi mkuu wa waokoaji akaamuru kimya. Chini kuligongwa, polepole. Kaka akalala kifudifudi, akaita kwenye ufa. "Mke wangu! Ni mimi!"

Sauti iliyokauka ikapanda. "Wifi je? Alikuwa anamaliza zamu yangu. Alitoka?"

Kaka akageuka, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Yupo," akajibu. "Yupo hapa, anakuchimbua."