Kichwa Kisicho na Mwenyewe

Mama Pacha alianza kukasirika kabla treni haijaondoka. Kichwa cha treni alichokabidhiwa kwenye stesheni ya makutano kilikuwa kama jaa. Kiti cha dereva kimechanika mpaka sponji limetoka nje, chupa tupu zinaviringika kila kona, na kioo cha mbele kimetapakaa mafuta, utadhani kuna mtu alikifuta kwa makusudi na tambara la karakana.

"Watu wa juu hao," alisema msaidizi wake, mtu mzima ambaye reli nzima ilimwita Mzee Taratibu, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. "Taratibu, mama. Tufute, tuondoke."

Wakafuta, wakaondoka.

Reli ilikuwa moja, kampuni za mizigo mbili. Moja ilishika kipande cha juu, kutoka milimani hadi makutano. Nyingine, aliyofanyia kazi Mama Pacha, ilishika kipande cha chini, kutoka makutano hadi mjini. Zamani kila kampuni ilikuwa na vichwa vyake. Kisha wakubwa wa pande zote wakakutana hotelini, wakapigwa picha wakipeana mikono, wakatangaza kwamba vichwa vitatumika kwa pamoja: leo huku, kesho kule, na kikiharibika, atakayekuwa nacho siku hiyo ndiye atakayekitengeneza. Hotelini ilisikika vizuri. Huku relini kila upande ukaanza kuvitumia kama gari la kuazima. Kanyaga, maliza safari, rudisha. Ukisikia kinalia vibaya, ziba masikio, kesho kitakuwa kwa wenzako.

Asubuhi ile Mama Pacha alijaribu breki kabla ya kuondoka, na zote zikaitikia. Lakini walipoanza kushuka mteremko mrefu wa kuingia mjini, breki ya kichwa ilishika, ikapata moto, ikaachia. Taa nyekundu ikawaka. Akazima, akawasha. Wapi! Akakaza breki za mabehewa, lakini yalikuwa yamejaa saruji na manyunyu yalikuwa yameilowesha reli. Akabonyeza kitufe cha mchanga, ule unaomwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze. Haukutoka hata punje. Mabomba yalikuwa yameziba, na si jana wala juzi.

"Mzee! Breki ya mkono!"

Kwa mara ya kwanza Mzee Taratibu hakusema taratibu. Alitoka mbio kwenye ujia mwembamba wa pembeni, akalishika gurudumu la breki ya mkono, akaanza kulizungusha. Mabehewa yakasukuma kwa nyuma, kichwa kikashtuka, naye akarushwa kwenye ngazi. Mama Pacha alisikia ukelele wake, asiweze hata kugeuka, kwa sababu mbele kulikuwa na kivuko cha barabara.

Akalala kwenye honi. Watu wakatawanyika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa ndoo alinasa katikati ya reli. Akavuta, akavuta tena, mtu akamnyakua kwa mkono, na kichwa kikapita na mkokoteni. Ndoo za plastiki za kila rangi ziliruka mbele ya kioo.

Treni ilikuja kusimama mbali, ng'ambo ya kivuko. Mama Pacha aliteremka, akamkuta Mzee Taratibu amekumbatia nguzo ya ngazi, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Kabla hajamgusa, mwanamke wa ndoo akafika, ametimua mbio kandokando ya mabehewa yote.

"Ungeniua!" alipiga kelele. "Ungeniua, mwanamke mwenzangu!"

Mama Pacha angemwambia nini? Kwamba kichwa si chake?

Kesho yake aliitwa kwa msimamizi wa madereva.

"Umezidisha mwendo," msimamizi alimwambia bila kuinua macho kwenye simu yake.

"Breki ilikata."

"Tumeijaribu asubuhi hapa. Inashika."

"Inashika ikiwa baridi! Ipasheni moto ndipo mjaribu. Na mchanga je?"

Msimamizi alishusha pumzi kama mtu anayembembeleza mtoto. "Mama Pacha, nielewe. Nikisema kichwa ni kibovu, basi kimeharibikia kwetu, tutakitengeneza sisi. Nikisema mwendo, unapewa onyo, mambo yanaisha."

"Yanaisha kwa nani? Mwenzangu yuko hospitali, ametiwa vyuma mguuni."

"Mpe pole yangu."

"Mpelekee mwenyewe. Nani alikileta makutano?"

Hapo msimamizi aliinua macho, akatabasamu. "Unataka kweli kujua? Shemeji yako."

Shemeji mwenyewe alikuwa mdogo wa mumewe. Alikuja kwao hana mbele wala nyuma, akalala sebuleni miaka, watoto wakimpanda mgongoni kama farasi. Mama Pacha ndiye aliyemwombea kazi, akamchukua awe msaidizi wake, akamfundisha kusikiliza kichwa kinavyohema mlimani. Baadaye kampuni ya juu ikamvuta, akaenda, lakini utani wao haukwenda popote. Kila Jumapili alikuwa mezani kwao akilalamika kwamba amewekewa kinofu kidogo.

Alimkuta uani kwake, amesimama mbele ya meza, anapiga pasi sare.

"Shemeji! Karibu, karibu. Nimesikia, pole sana. Nilikuwa najiandaa nije..."

"Ulijua?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Ulijua breki ya kile kichwa inakata ikipata moto?"

Aliisimamisha pasi, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na maji. "Nilimwambia bosi wetu. Haki ya Mungu, nilimwambia. Akasema kesho kinakwenda kwa watu wa chini, waachieni. Siku hizi kwetu, dereva akisema kichwa kina ubovu anawekwa benchi, hapewi safari."

"Sijaja kumuulizia bosi wako. Namba yangu unayo. Juzi tu umenitumia picha ya mbuzi amevaa miwani. Ya breki ilikushinda?"

Shemeji alianza kuikunja sare iliyokuwa mezani.

"Ulijua ni mimi nitakayekipokea?"

Kwa jirani mtu alikuwa akitwanga kitu.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Nikajiambia, afadhali ni wewe. Mwingine angeua watu. Wewe utaweza. Wewe siku zote unaweza."

Mama Pacha alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa, makali yote, na yote yakampotea. Angeweza kuvumilia uoga. Hata uzembe angeutafutia mlango. Lakini hii ilikuwa kama sifa. Alitupwa mbele ya treni kwa sababu anajua kukimbia!

"Mzee Taratibu naye anaweza?" aliuliza. "Yule mama wa ndoo, naye uliona anaweza?"

Hakungoja jibu. Geti la shemeji lilikuwa la bati, na jinsi alivyolibamiza, majirani walitoka nje.

Nyumbani mumewe alimsikiliza hadi mwisho, ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Amekosa," alisema. "Amekosa sana. Lakini ni mdogo wangu, nifanyeje?"

"Na mimi ni nani? Mpangaji?"



Siku chache baadaye msimamizi akamwita, mchangamfu kama vile hakuna lililotokea. Kichwa kile kirudi makutano, kimevuta mbolea. Kupanda hakuhitaji breki. Akifika amkabidhi dereva wa juu, asiongee sana.

"Kimetengenezwa?"

"Kikivuka makutano si chetu tena."

"Nani anakipokea?"

"Shemeji yako. Si unaona? Mungu hamtupi mja wake," msimamizi akacheka.

Tuseme ukweli: Mama Pacha alifurahi. Njia nzima ya kupanda alikuwa na msaidizi mgeni asiyemjua, naye hakumsemesha, alikuwa anaonja furaha ile kama pipi. Ng'ambo ya makutano, kabla reli haijaanza kuikwea milima, ilishuka bonde moja baya. Aende nacho. Na yeye aone taa nyekundu. Na yeye abonyeze mchanga usiotoka.

Alikuwa karibu kabisa na makutano ndipo alipojikuta anafikiria chini ya bonde lile kuna nini. Kulikuwa na soko, limekaa juu ya reli kabisa, watu wakisikia honi wanakunja vyandarua vyao vya kivuli, treni inapita, wanavikunjua. Aliwahi kuwaona siku zile bado hakuna makutano ya kubadilishana, madereva wakienda njia nzima. Furaha ikamchachia mdomoni. Hasira juu ya shemeji haikupungua hata kidogo. Iliongezeka tu, ikawapata na wengine, na yeye mwenyewe akiwamo.

Hakusimamisha treni kwenye njia yake. Aliisogeza mpaka pale njia zinapokutana, kichwa kikakaa katikati, asiweze kupita mtu wa kupanda wala wa kushuka. Akazima. Akachomoa mkono wa gia, kile chuma ambacho bila hicho kichwa hakiendi mbele wala nyuma, akakitia kwenye mkoba wake. Kisha akaketi kwenye ngazi.

Mkuu wa stesheni alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama! Umefunga njia!"

"Najua."

"Kuna treni ya saruji inakuja kutoka juu, na nyuma yako kuna ya ngano!"

"Zisubiri."

Shemeji alitoka chumba cha madereva na begi lake begani. Alipoona ni nani, hatua zikapungua. "Nipe huo mkono, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Watakufukuza."

"Uko humu mkobani. Lakini kwanza sema, mbele ya watu, unajua kichwa hiki kina nini."

Akashusha begi chini, akalikalia.

Mchana wakubwa walifika, gari moja kutoka kila upande, wakaja wakijikwaa kwenye kokoto kwa viatu vyao vya kung'aa. Hawakumsalimu. Walianza wao kwa wao.

"Hakijakabidhiwa, bado ni chenu!"

"Kilikuja kwetu kikiwa kibovu!"

"Mlikipokea wenyewe, hamkusema kitu!"

Nyuma yao madereva wa treni zilizokwama walikuwa wameteremka na wasaidizi wao, wamesimama wakitazama kama watu wanaotazama ugomvi wa mke na mume. Mama Pacha akainuka.

"Kichwa hiki ni cha nani?" Alipiga kelele hata koo likamuuma. "Anayesema ni chake, nampa mkono huu sasa hivi. Achukue, aondoke nacho. Haya! Cha nani?"

Wakubwa wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu kwenye lile kundi la madereva akaguna, mwingine akacheka, kicheko kikaenea, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

"Shemeji," alisema Mama Pacha. "Waambie."

Shemeji alimtazama bosi wake, akatazama kokoto. "Breki..." alianza. "Ilikuwa inasumbua kidogo, nadhani."

"Kidogo!"

"Si kidogo," ilisema sauti nyingine. Alikuwa dereva wa treni ya ngano, mtu mnene ambaye Mama Pacha hakuwahi kuongea naye zaidi ya salamu. Alikuwa amevua kofia. "Inakata kabisa. Nilikiendesha kabla yake. Nilinyamaza." Na wa treni ya saruji naye, mbele ya bosi wake mwenyewe: "Mimi pia. Mchanga hautoki tangu mvua za mwanzo."

Mama Pacha aliwatazama mmoja mmoja, na badala ya kupata nafuu alitaka kuwarushia kokoto. Wote walijua! Reli nzima ilijua, kila mmoja akampitishia mwenzake, mpaka kikafika kwake.

Hakutoa ule mkono mpaka simu za wenye mizigo zilipowachosha wale wakubwa, wakakubaliana, wamenuna, kugawana gharama za kukitengeneza nusu kwa nusu. Jioni kichwa kilivutwa kwenda karakana. Mkono wa gia alimpa fundi, si wao.

Hakufukuzwa, ila alisimamishwa kazi muda mrefu kwa kufunga njia. Onyo la mwendo hawakulifuta. Mzee Taratibu aliachishwa kazi kwa sababu ya mguu, na Mama Pacha akimtembelea humkuta nje ya nyumba yake, gongo la kutembelea pembeni, amekuwa mtu wa maneno makali. Mwanamke wa ndoo hakulipwa na kampuni yoyote. Kila moja ilimwelekeza kwa mwenzake. Shemeji alibaki kazini kwake, salama salimini, na Jumapili hakuja tena, ingawa mume wa Mama Pacha aliendelea kumwekea kiti.

Kilichobadilika ni kimoja. Kampuni zikaweka sheria: dereva anayekabidhi kichwa apande pamoja na anayekipokea, washuke mteremko wa kwanza, mpaka breki zipate moto.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku aliyorudi kazini, pale makutano, aliyeingia mlangoni na begi lake kumkabidhi kichwa alikuwa shemeji. Akasalimia. Mama Pacha akaitikia, maana salamu ni salamu. Msaidizi akakaa nyuma, wao wawili mbele, bega kwa bega, na treni ikaanza kushuka. Breki ikashika. Ikapata moto. Ikaendelea kushika.

"Shemeji," alisema yule mwanamume, macho yake yako nje. "Sijui nianzie wapi. Nimekosa. Ungesema tu unataka nifanye nini, ningefanya."

Mama Pacha alipunguza mwendo kwenye kituo kidogo cha chini ya mteremko, treni ikasimama, upepo wa breki ukapumua.

"Breki inashika," alisema. "Teremka."