Riwaya ya Mauaji Inatoka Jumamosi

Kwenye kalenda ya jikoni nimeizungushia Jumamosi wino mwekundu. Ndiyo siku riwaya mpya ya mpelelezi wangu wa vitabuni inaingia dukani.

Mkwe wangu akaguna. "Mama, umri huo bado unasoma mambo ya mauaji? Si utajitafutia presha bure!"

"Presha ipi? Nimefanya kazi mochwari miaka thelathini. Nimewaosha waliopigwa, walionyongwa, na yule binti aliyesemekana kateleza bafuni. Faili zao zilifungwa. Wauaji wao walikuja mazishini, wakala wakashiba."

Akaacha kukoroga mchuzi.

"Mpelelezi wangu hajawahi kumwachia muuaji hata mmoja," nikamwambia. "Jumamosi watanikuta mlangoni pa duka kabla hawajafungua."