Njia ya Chumba cha Watoto

Mkunga alikuwa amechoka hadi macho yanamuuma. Zamu yake ilishakwisha, lakini kazi amwachie nani? Wodi imefurika, wenzake wamezidiwa, na kwenye kitanda cha mwisho analia binti wa kaka yake, akimwita kila uchungu unapobana.

"Shangazi, uliniahidi!"

"Nimekuahidi, mwanangu. Mtoto hatoki kifuani pako, hata aje mganga mkuu mwenyewe. Haya, sukuma!"

Ahadi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mimba ya kwanza, binti alijifungulia humu humu, enzi za utaratibu wa zamani: mtoto akitoka anafungwa plasta mkononi yenye jina la mama, anaviringishwa, anapelekwa chumba cha watoto mwisho wa korido, eti mama apumzike. Ndivyo wakunga walivyofundishwa, na asiyefuata alifokewa mbele za watu. Mtoto yule alifia huko kabla mama yake hajamshika. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtoto analazwa kifuani kwa mama papo hapo, na chumba kile kimefanywa stoo.

Basi kichwa kikatoka, mabega yakafuata, akaja mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mkunga akakata kitovu, akamfuta, akamviringisha. Mikono ilifanya kazi yake, mwenyewe alikuwa kama anasinzia amesimama. Akageuka, akashika korido.

Jamani, uchovu huu! Miguu iliyozoea njia moja miaka nenda miaka rudi haiulizi. Alisukuma mlango kwa kiwiko, akakuta ndoo na mafagio. Akaduwaa na mtoto mikononi, ndipo akasikia ukelele kutoka wodini.

"Mtoto wangu! Shangazi, mtoto wangu!"

Alirudi mbio, kiatu kimoja kikamvuka. Akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akawafunika, akajilazimisha kucheka. "Nisamehe, mama. Nimepitiwa tu. Huyu hapa mzima, mkali kama bibi yake."

Binti hakucheka. Alimkumbatia mwanawe kwa mikono miwili.

"Kondo la nyuma bado. Legeza miguu nimalizie."

Binti akabana magoti. "Nakupenda, shangazi," alisema huku machozi yanamtoka. "Lakini niitie mwingine."

Mkunga alimfunika miguu. Akavua glavu, akaenda kumwita mwenzake.