Ndoo Isiyo na Uzi

Mjukuu wa kwanza wa Lalmaya alizaliwa saa moja asubuhi, hakulia. Kufika saa mbili, wanaume wa ukoo wa baba yake walikuwa wameshamfunga kitambaa cheupe na kuteremka naye mtoni kumzika. Kule milimani mwanamke haendi kwenye kaburi la mtoto mchanga.

"Dada, nenda nyumbani ukapumzike," nesi Ranju alimwambia.

"Nikapumzike nini? Mimi sikuzaa."

Akavaa glavu zake nene, akashika kazi yake pale hospitalini. Alingoja majonzi yampande, hayakupanda. Alijiona mzito tu, kama aliyelala mchana.

Zamani hospitali ile ya wilaya ilichoma kila kitu nyuma ya jiko, mabomba ya sindano na bandeji na mipira ya damu, na moshi mweusi ukawaingilia hata wagonjwa wa kifua vitandani mwao. Sasa taka zile zilichemshwa kwa mvuke, na mabaki ya jikoni pamoja na makondo ya nyuma yalitiwa kwenye tangi chini ya ardhi, yakaoza, yakatoa gesi ya kupikia. Tangi lililetwa na madaktari. Lakini aliyewafanya watu wakubali ni Lalmaya, mzoa taka, tena kwa ulimi wake tu. Watu wa kule kondo hulizika nyumbani, na wazazi wa mwanzo walimtolea macho.

"Unaogopa nini, bibie?" aliwatania. "Mwanao hajaota jino, tayari anawapikia wagonjwa chai."

Wakacheka, wakatoa.

Kanuni nazo alizitunga yeye. Mzazi aulizwe kwanza. Anayetaka kwenda kuzika kwao, ndoo yake ifungwe uzi mwekundu. Isiyo na uzi imwagwe tangini, tena macho yatazame pembeni, maana kuchungulia mambo ya mwanamke mwenzio ni kumkosea adabu. Kwa hilo alikuwa mkali, hana mchezo.

Asubuhi ile kwenye mlango wa wodi ya wazazi palikuwa na ndoo moja, haina uzi. Lalmaya akaibeba, akaimwaga, akaisuuza, akaifudikiza juani. Ndipo akaenda kumwona binti yake.

Manisara alikuwa ameuelekea ukuta. Supu ya jwano, ile wanayonyweshwa wazazi, ilikuwa imepoa kando yake.

"Mama. Wamemchukua sijamwona hata uso."

"Najua, mwanangu."

"Basi niletee kondo langu. Nitalizika mwenyewe nyuma ya zizi. Hilo halina haja ya wanaume."

Lalmaya akaikumbuka ile ndoo ya mlangoni. Asubuhi ile wodi nzima ilikuwa na mzazi mmoja tu.

Akatoka, akamkuta Ranju kwenye korido na Tek, mpishi.

"Ulimuuliza Manisara habari ya kondo?"

"Dada, mtoto amekufa. Ningeanzia wapi?" Ranju akainamisha kichwa. "Tangu lini waliofiwa tunawauliza?"

Lalmaya akajaribu kukumbuka hata mmoja. Miaka sita, hakuna. Aliwatungia kanuni wanaocheka, hawa wengine hata hakuwafikiria. Aibu ikamshika, aibu kavu isiyo na chozi.

"Mwambie limekwenda mtoni na mtoto," Tek akanong'ona. "Nani atajua? Atatulia."

Ulikuwa uongo mzuri, wenye huruma. Lalmaya alirudi nao mpaka kitandani, ukiwa tayari mdomoni.

"Nimelimwaga," akasema.

"Nani?"

"Mimi. Kwa mikono hii."

"Ulijua ni langu?"

"Sikutazama."

Manisara hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akageuka, akaitazama ile supu.

"Imepikwa kwa gesi ya mule tangini?"

"Ndiyo. Lakini lako bado. Mpaka litoe gesi inachukua siku."

"Kwa hiyo bado limo."

"Limo."

Akateremsha miguu, mama yake akamshika kwapani, wakashuka ngazi moja moja mpaka nyuma ya jiko. Pale hapakuwa na cha kuona ila saruji na mdomo wa tangi. Manisara akakaa chini, akaweka kiganja kwenye saruji iliyoota jua. Lalmaya akakaa ubavuni mwake. Hakuna aliyelia.

Baadaye akaja Tek na ndoo ya maganda ya viazi na wali uliolala. Alipowaona akasimama, asijue aende mbele au arudi. Lalmaya akainua mkono amfukuze, akaushusha. Wagonjwa themanini walikuwa wakingoja chakula, na tangi lisipolishwa jiko halitawaka.

Manisara akajisogeza kidogo kumpisha.

"Mwaga, kaka," akasema. "Ila taratibu."

Tek akachuchumaa, akaanza kuyatia maganda kwa mkono, konzi kwa konzi.