Kamba ya Marselino

Wananiita nesi mkali, na sikatai. Zahanati yenye kitanda kimoja na foleni ya wachimbaji haiendeshwi kwa kubembelezana. Lakini asubuhi ile ya Februari 1998, nikikaribia uwanja wa mkutano wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, pale Nyarugusu, ukali wote ulikuwa umeniishia. Nilikuwa nakwenda kumwombea uhai mtu ambaye kijiji kizima kilitaka kumpiga mawe, na mawe yenyewe yalikuwa tayari. Vijana walikuwa wameyajaza kwenye toroli kama watu wanaojiandaa kujenga msingi.

Thobias alikuwa amekaa chini katikati ya watu, mikono imefungwa nyuma, anatafuna kijiti.

"Habari za asubuhi, Mama Esta," alinisalimia, kama tumekutana sokoni.

Nilitamani kumzaba kibao. Mtu anakaribia kufa, yeye anatafuna kijiti!

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mvua za Elnino zilikuwa zimejaza maji kwenye mashimo ya zamani. Siku nne kabla ya mkutano, maji hayo yalipasua ukuta na kumwagikia shimo walimokuwa wanachimba watu watatu, mita thelathini chini. Juu ya shimo hulazwa gogo kwenye nguzo mbili, na mtu huzungusha mpini ili kamba zijivingirishe. Siku hiyo gogo lilikuwa na kamba mbili. Ya kwanza waliing'ang'ania wawili, mume wangu Luka na Donatus. Ya pili alikuwa nayo Marselino peke yake. Juu kwenye mpini alikuwapo Thobias tu, na kwa uzito wa watu watatu nguzo zikaanza kung'oka kwenye tope. Thobias akachukua panga akaikata kamba ya Marselino, kisha akawavuta wale wawili mpaka juu. Marselino alikuwa shemeji yake, mume wa Ritha, dada yake wa tumbo moja.

Machimboni kwetu kuna sheria ambayo hata mlevi anaijua: mshika mpini haachii kamba ya mtu. Gogo likienda, na yeye aende nalo. Lakini nakwambia ukweli, si panga lililompeleka Thobias uwanjani. Ni msiba. Sisi huku tunampima mtu msibani. Ritha alikuwa anagaagaa chini, wanawake wanne wamemshika, na kaka yake akanyoosha sahani kuomba nyama tena. "Imeiva vizuri," alisema. Kabla jua halijazama neno kafara lilikuwa limeshazunguka nyumba zote: Thobias kamtoa shemeji yake ili apate dhahabu.

Mume wangu Luka, kwa upande wake, alilia siku tatu. Hakula, hakulala. Watu walimsifu mbele yangu, wakasema huyo ndiye mtu mwenye moyo. Nilifarijika kusikia hivyo, na nilimwonea huruma sana.

Mimi nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mwaka 1995 ubao wa kuzuia ukuta ulimwangukia Thobias kwenye paji la uso, na mimi ndiye niliyemshona. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kulia hata mbuzi akichinjwa. Alipopona aliongea vizuri, alikumbuka kila kitu, hesabu zake hazikukosea. Ila kuna kitu kilikuwa kimeondoka. Alipokuja Dokta Varsha, daktari wa ubongo kutoka Mwanza, mzaliwa wa huko huko na Kiswahili chake kinanipita mimi, nilimpeleka Thobias kwake. Alimwuliza kama kuiba ni vibaya, akasema ndiyo. Kuua? Vibaya. Akamwonyesha picha ya mtoto aliyeungua moto huku amemshika kiganja. Mimi niliangalia pembeni. Kiganja cha Thobias kilibaki kikavu, hata jasho halikumtoka.

"Hapa mbele, juu ya macho, ndipo akili na moyo hukutana," daktari aliniambia baadaye, akijigusa paji lake. "Kwake njia hiyo imekatika. Lililo baya analijua, lakini halimuumi. Si mtu mbaya, nesi. Ila msimtegemee kwa huruma."

Basi haya ndiyo niliyokwenda kuyasema.

Mzee Lugwisha, ntemi, yaani mkuu wa sungusungu, alinipa nafasi. Nilimwamkia, nikasimama, nikaeleza yote: ubao, paji la uso, picha, kiganja. Niliongea vizuri, hata mimi nilijisikia. Nikamalizia, "Kutolia kwake si ushahidi wa kafara, ntemi. Ni kidonda."

Wazee walinong'onezana kwa Kisukuma. Ntemi akauliza, taratibu, akiniita mama kwa lugha yao, "Kwa hiyo, mayu, huyu hana huruma kabisa?"

"Hana. Ni ugonjwa."

"Na dawa yake ipo?"

"Haipo."

"Ikitokea tena vilevile, atakata tena?"

Hapo ndipo nilipoona shimo nililokuwa nimejichimbia mwenyewe. Thobias hakuningoja.

"Nitakata," alisema. "Wawili ni wengi kuliko mmoja. Hata angekuwa Ritha ningekata."

Uwanja ulilipuka. Toroli lilisukumwa mbele, na kijana mmoja akachukua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nilikuwa nimekuja kumwokoa mtu, na kwa mdomo wangu huu nikawa nimewathibitishia kwamba hafai kuishi. Nilijichukia. Nilikwenda kusimama mbele yake, mikono nimeitanua, nikawapigia kelele kwamba wa kwanza kurusha asije tena kwangu na malaria yake wala ya mwanawe. Kijana alisita. Sidhani kama aliniogopa mimi.

Ritha alikuwa amesimama.

Kwetu mjane akisimama watu wananyamaza. Alikuja mpaka mbele ya kaka yake, akachuchumaa, wakatazamana macho kwa macho.

"Kaka," alisema, "ulipoinua panga, mume wangu alisema nini?"

Mtu mwenye chembe ya utu angedanganya. Angesema aliita jina lako, au aliomba Mungu. Mimi mwenyewe nilimwomba Thobias kimoyomoyo adanganye.

"Alisema, shemeji usikate, mimi ni Marselino. Alidhani nimemsahau ni nani."

Ritha aliziba mdomo kwa khanga. Mabega yalimtikisika, lakini hakuinuka.

"Na wengine walisema nini?"

"Donatus alikuwa amekunywa maji, hakusema kitu. Luka alisema kata. Nilikuwa bado nazungusha mpini. Akasema kata ya Marselino, kata upesi. Nikaangalia nguzo, nikaona kasema sawa."

Nilisikia kuku wa jirani wakiparura majani nyuma ya uwanja.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" ntemi aliuliza, sauti imepanda.

"Mliniuliza kama nimekata. Hamkuniuliza habari za Luka."

Watu wote waligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na waombolezaji, macho mekundu kwa siku tatu zile. Alisimama. "Mwongo!" alisema. "Mwuaji huyu! Mimi niliyemlilia Marselino kuliko ndugu zake?" Na watu walikuwa tayari kumwamini, niliwaona. Wanaume wawili walimshika mabega kumtuliza. Donatus alipoulizwa alitikisa kichwa, akasema maji yalikuwa masikioni, hakusikia neno la mtu yeyote.

Ntemi akanigeukia mimi.

"Mayu, wewe ndiye unayemjua mgonjwa wako. Umetuambia haoni huruma. Tuambie na hili. Huyu husema uongo?"

Luka alinitazama. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na mmoja. Najua jinsi anavyonitazama akitaka chumvi, na akitaka nimwache alale, na siku Esta alipozaliwa. Namna hii alikuwa hajawahi kunitazama. Nikaelewa kwa nini hakulala siku tatu. Nikakumbuka usiku mmoja alipopitiwa na usingizi kidogo tu, akashtuka akisema "upesi, upesi," nami nikampangusa jasho nikidhani anaota maji.

Ningeweza kusema mtu aliyeumia kichwa huropoka. Wangeamini, mimi ndiye nesi. Thobias angekufa palepale, Luka angerudi nyumbani nami, na jioni tungekula. Nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, sitawaficha. Nililishika mpaka meno yakaniuma.

"Husema uongo kama una faida kwake," nilisema. "Haya aliyosema hayampi faida. Hata kujitetea hakujitetea. Amejibu alichoulizwa."

"Melania!" Luka aliita. Huwa haniiti jina hilo mbele za watu.

"Sema, baba Esta," nilimwambia. "Sema mwenyewe."

Alikaa. Hakukaa, alianguka kwenye benchi. "Nilikuwa naona uso wake," alisema. "Tulikuwa tunaning'inia karibu, ningeweza kumgusa. Nikasema kata. Sikujua kama ni mimi niliyesema mpaka nilipofika juu."

Kijana mwenye jiwe alibaki amelishika, akimtazama Thobias, akimtazama Luka, mwisho akaliweka chini polepole mbele ya miguu yake. Palikuwa na mmoja aliyetaka mtu afe na akamlilia, na mwingine aliyemwua bila kumtakia lolote, na hakuna mkutano ambao ungejua uanzie kwa nani.

Ritha aliinuka. Nilidhani anakwenda kwa Luka, nikajitayarisha. Hakwenda. Alikuja kwangu. Tulikuwa tumekopeshana unga, tumezalishana. Mtoto wake wa pili mikono hii ndiyo iliyompokea.

"Mama Esta," alisema, karibu sana, sauti ndogo. "Ungekuwa wewe kwenye mpini. Mumeo kamba ile, mume wangu kamba hii. Panga lipo. Ungefanyaje?"

Ubongo wangu ni mzima. Haujawahi kuangukiwa na ubao. Moyo ulikuwa unanienda mbio, viganja vimelowa, nilimpenda yule mwanamke na uchungu wake ulikuwa unanikata tumboni. Vyote ambavyo Thobias hakuwa navyo, mimi nilikuwa navyo.

"Ningekata," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akazunguka nyuma ya kaka yake, akapiga magoti, akaanza kumfungua mikono.