Mkono Ndio Unakunywa

Mume wangu ni dereva wa lori, mtu wa kulala porini chini ya gari lake bila wasiwasi, lakini nesi alipochomoa kanula ya dripu kwenye mkono wa binti yetu, baba mtu aligeuka ghafla kwenda kukagua dirisha.

"Bawaba zake imara kweli," alituarifu.

Mimi nilibaki nimebana pamba pale penye kitundu, nacheka peke yangu, maana mtoto aliyeletwa hapa ameishiwa maji kwa kuharisha, amelegea kama kitambaa kilicholowa, sasa alikuwa akitugombeza wote kwa zamu. Tunamwita Mheshimiwa. Ana miaka mitatu, na nyumbani hakuna anayempinga.

"Haya mama," nesi akaniambia akimalizia kuibana bandeji kwa plasta, "dripu imefanya kazi yake. Sasa mpe maji ya chumvi na sukari, kijiko kijiko, mpaka akojoe. Asipokunywa, itabidi turudishe sindano. Na huo mkono uangalie, ukivimba au ukiwa mwekundu niite."

Hiyo "turudishe sindano" ilinikata maini. Mara ya kwanza walihangaika sana kuupata mshipa, na kilio chake bado kilikuwa masikioni mwangu. Nikajaza kikombe haraka, nikampa kijiko. Mheshimiwa akakipokea kwa adabu zote, akakimimina juu ya bandeji.

"We mtoto!"

"Mkono ndio unakunywa," akasema, akinishangaa kwa kutojua mambo.

Nikajaribu tena, bandeji ikanywa tena. Nikabembeleza, nikafoka, nikaahidi vitu ambavyo sina. Nesi akapita, akachungulia kikombe, akaendelea na wagonjwa wengine. Kicheko kikanikauka.

Baba mtu akaachana na dirisha. Akapiga magoti kando ya kitanda, mwili wote ule, akategea bandeji sikio.

"Eh? Umeshiba? Zamu ya mdomo?"

"Mdomo hauna plasta," Mheshimiwa akamkata kauli.

Tukatazamana. Nesi alikuwa amesikia. Akarudi huku akijizuia kucheka, akakata kipande cha plasta, akambandika shavuni. Mheshimiwa akakipapasa, akaridhika, akaachama kama kifaranga. Kijiko kikaingia. Kikafuata kingine. Mtoto wa kitanda cha jirani akadai plasta yake, na wa pembeni naye, na kabla kikombe hakijaisha wodi nzima ilikuwa na plasta mashavuni. Mume wangu alikuwa nazo mbili.

Alikuwa amempakata binti yake, anajisifu kwa kila anayepita, mara akatulia tuli.

"Mama Mheshimiwa," akaninong'oneza, "nasikia joto."

Nikaitazama suruali yake, nikapiga yowe la furaha.

"Usimsogeze!" nesi akapaza sauti. "Mwache amalize!"

Wodi ikalipuka kwa makofi. Akina mama wakashangilia, mume wangu akakaa pale ameloa chepechepe, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

Mheshimiwa aliona tunamcheka. Akakunja uso, akaangua kilio. Baba yake akaanza kumbembeleza, kisha akaugeuza uso wa mtoto kwangu.

"Ona," akasema.

Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye plasta. Siku tuliyomleta alilia njia nzima kwa macho makavu, bila hata tone, na mimi nilidhani nampoteza.

Sikuyafuta. Nilimwacha alie.